Kwa Nini Rosa Lazima Afe?

Kosa la kwanza la Rosa ni kuandikiwa barua. Hakuandika yeye, aliandikiwa. Charles, kijana wa kwao, amemtumia maneno ya mapenzi, baba mtu Zakaria ameinasa barua, na kinachofuata ni kipigo ambacho aliyesoma Rosa Mistika hakisahau hata akiwa amesahau nusu ya majina ya wahusika. Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Mwandishi alikuwa kijana ambaye hajafika miaka thelathini, na kijiji alichokiandika, Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, ndiko alikozaliwa.

Huyo anayempiga binti yake kwa kulinda heshima ya nyumba ni mlevi. Alikuwa mwalimu, pombe ikamtoa kazini, na hata ada ya shule ya Rosa haikupona mikononi mwake. Kezilahabi hakuyaweka mambo hayo ndani ya mtu mmoja kwa bahati mbaya. Zakaria hana cheo tena, hana fedha, hana anayemsikiliza. Mahali pekee anapobaki mkubwa ni uani kwake, mbele ya mke na mabinti. Ndiyo maana barua ya mapenzi ya kijana mdogo inamtia wazimu: mtu mwingine amezungumza na Rosa bila kupitia kwake.

Nimeanza na kipigo hicho kwa sababu riwaya za Kiswahili wanazosoma vijana wetu, ukizipanga kwa miaka, zinaonekana kana kwamba zote zimezaliwa humo. Tunasema zinahusu mapenzi ya ujana. Mapenzi yenyewe ni kurasa chache. Kurasa nyingi zinahusu ruhusa: nani anaitoa, nani anaiuza, nani anaichukua bila kuomba.

Rosa anakwenda sekondari akiwa na hofu ya wanaume aliyopandikizwa kwa fimbo, na kwa muda hofu hiyo inaonekana kama maadili mema. Kisha anakuja Deogratias, mtu mzima mwenye kazi na fedha, anayejua vizuri namna ya kumzoea msichana aliyefungiwa. Anamharibu. Chuoni Morogoro, anakosomea ualimu, Rosa anaachia kila breki. Miongoni mwa wanaume wake yumo hata mkuu wa chuo. Mimba zinatolewa. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Kezilahabi anaupindua usemi huo kichwa chini: Zakaria hakuchelea kilio cha mtoto hata siku moja, na bado nyumba yake ndiyo inayolia.

Hapo ndipo wasomaji wengi, na walimu wengi zaidi, wanapofungia hesabu. Malezi makali mno yamemharibu binti. Basi wazazi walegeze kamba kidogo. Tafsiri hiyo haina uongo, lakini ina upungufu mkubwa. Inamgeuza Deogratias kuwa matokeo ya Zakaria, kama mafua yanavyokuja baada ya kunyeshewa. Mkuu wa chuo naye anakuwa hali ya hewa tu. Hakuna anayeuliza walipata wapi uwezo wa kufanya waliyoyafanya. Leo tuna jina la mchezo wa mkuu wa chuo anayelala na mwanafunzi wake: rushwa ya ngono, nayo imo katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007. Mwaka 1971 jina hilo halikuwapo, na riwaya inawaacha wakubwa hao wapite huku ikimkazia macho msichana.

Mwaka huohuo wa 1971 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa, iliyoruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, na hata wa miaka 14 kwa kibali cha mahakama, wakati mvulana alitakiwa afikishe miaka 18. Msichana wa umri wa kuandikiwa barua na Charles angeweza kuozwa kihalali, mradi baba awe ametia saini. Yaani sheria na Zakaria waliafikiana juu ya jambo moja: kosa halikuwa umri wa Rosa, kosa lilikuwa kwamba baba hakuulizwa. Ilichukua hadi 2016 kwa Rebeca Gyumi kuishinda serikali Mahakama Kuu juu ya vifungu hivyo, na hadi 2019 kwa Mahakama ya Rufani kukubaliana naye.

Riwaya yenyewe ilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Ilisemekana inazungumza mambo ya ngono waziwazi mno kwa wanafunzi. Sijui kama waliofikia uamuzi huo walicheka walipotambua walichokifanya: walikuta maandishi ya mapenzi mikononi mwa binti, wakamnyang'anya.

Majibu ya mtihani

Ukitaka kuona jinsi simulizi ile ilivyozaa, fuata vitabu vilivyosomwa madarasani. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, Maksuudi ni mtu mzito mjini, mwenye mali na siasa zake, na nyumbani kwake mke na binti wanaishi kama mahabusu. Maimuna, binti huyo, haruhusiwi hata kuuona mtaa. Anapotoroka, mtaa unampokea kwa namna unavyowapokea wasioujua: anaishia kwenye mabaa na mikononi mwa wanaume. Kama kwa Rosa, kufuli la baba ndilo linalomfikisha huko, na kama kwa Rosa, msomaji anaalikwa kumhurumia na kumshutumu kwa pumzi moja.

Ken Walibora, katika Kidagaa Kimemwozea ya 2012, alipiga hatua ambayo naiona haijasifiwa inavyostahili. Kichanga kinatupwa mlangoni kwa Amani. Amani na Imani, vijana wawili maskini wasio na hatia, wanakilea, kinakufa, nao wanatiwa ndani. Baba wa kichanga ni Mtemi Nasaba Bora, mtawala wa eneo zima. Mama yake ni Lowela, msichana wa shule. Walibora amekichora vizuri kitu ambacho kila mkazi wa kijiji anakijua: dhambi ya mkubwa hushuka ngazi kama maji ya mvua mpaka iwapate wa chini kabisa. Na katikati ya hayo Amani na Imani wanapendana kwa adabu ya ajabu, kwa tahadhari ya mwandishi ambaye anajua kitabu chake kitasomwa na watahiniwa.

Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotoka 2017, inaongeza jambo jingine: wasichana wanasimuliana. Chandachema ni mtoto wa mwalimu aliyempa mimba mwanafunzi wake. Zohali alipata mimba akiwa shuleni. Pete aliozwa mapema kwa mzee. Sauna alibakwa na baba wa kambo. Ukiyaweka maisha hayo pamoja, unapata orodha ya vyeo: mwalimu, baba wa kambo, mume mzee. Matei ana huruma kubwa, na namna anavyowaacha wasichana wazungumze wenyewe kwa wenyewe, mtu mzima akiwa hayumo chumbani, ni kitu ambacho Kezilahabi hakukifikiria kumpa Rosa.

Sasa mchukue mwanafunzi wa kidato cha nne aliyesoma kimojawapo cha vitabu hivi, umpe karatasi ya mtihani. Ataandika nini? Kila aliyepita sekondari Tanzania anayo sentensi ile kichwani: mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe. Inafuatwa na mwanamke amechorwa kama mtu asiye na maamuzi, halafu mfano mmoja, halafu hoja inayofuata. Miongozo inayouzwa kwa bei ya chapati mbili imeshamtafunia kila kitu. Rosa anaingia kwenye kichwa cha "umalaya", Zakaria kwenye "malezi mabaya", Deogratias akibahatika anapata nusu mstari. Mwanafunzi anapata alama zake na kitabu kinarudi kabatini bila kuwa kimemgusa mtu.

Hilo ni tatizo la mitihani, na mitihani ina dhambi nyingi kuliko hii. Lakini lipo tatizo la vitabu vyenyewe pia. Mamlaka ndani ya riwaya hizi hutoka juu kwenda chini: baba kwa binti, mwalimu kwa mwanafunzi, mtemi kwa raia. Hayo yapo, yanaumiza, na waandishi wamefanya kazi ya heshima kuyaandika. Kilichokosekana ni yale yanayopita kati ya kijana na kijana, wote wa miaka 17, wote wamevaa sare moja, hakuna mwenye cheo wala gari, na bado mmoja anamtawala mwenzake.

Bila mtu kufa

Judy Blume alikuwa mwandishi anayesomwa sana na watoto wa Marekani wakati binti yake, Randy, aliyekuwa msichana wa miaka kama 14, alipomwomba kitu cha ajabu kidogo. Alitaka hadithi ya vijana wawili wa kawaida wanaopendana na kulala pamoja bila mmoja wao kulazimika kufa. Alikuwa amechoshwa na vitabu ambamo msichana akishakubali, basi ni mimba, kisha mtoaji mimba wa kichochoroni, kisha kaburi. Mama akaandika Forever, ikatoka 1975. Katherine na Michael wanapendana, wanalala pamoja, Katherine anakwenda kliniki kutafuta uzazi wa mpango, kisha majira ya joto yanawatenganisha na Katherine anagundua kwamba mapenzi yameisha. Anaachana naye. Kitabu kimekwisha.

Kwa msomaji aliyelelewa na Rosa na Maimuna, mwisho huo unashtua kuliko kifo. Msichana amebadili mawazo na mbingu haijaanguka! Waliotaka kitabu kiondolewe maktabani Marekani, na walikuwa wengi na bado wapo, hawakukasirishwa na kitanda peke yake. Walikasirishwa na kukosekana kwa adhabu. Mwaka 2025 Netflix iliifanya tamthilia, safari hii wapenzi wakiwa vijana weusi wa Los Angeles wenye simu za mkononi, na inaonekana swali la Randy halijazeeka.

Siwashauri waandishi wetu waige Blume. Msichana wa Marekani aliyekwenda kliniki mwaka 1975 alikuwa na kliniki ya kwenda. Tanzania ilikuwa ikiwafukuza shule wanafunzi wenye mimba hadi Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wanaweza kurudi baada ya kujifungua. Mwandishi anayetaka ukweli hawezi kujifanya hayo hayakuwapo. Ninachokionea wivu ni hiki: baada ya kuiondoa adhabu mezani, waandishi wa kule walipata nafasi ya kuangalia kwa karibu yanayotokea kati ya wawili.

Wakaona mambo. Laurie Halse Anderson, katika Speak ya 1999, ana Melinda, aliyebakwa na mvulana mkubwa wa shule kwenye sherehe, akapiga simu polisi, na shule nzima ikamtenga kwa kuharibu sherehe. Mbakaji ni kijana anayependwa na kila mtu. Hana mamlaka yoyote ya kiofisi. Anachomiliki ni kupendwa, na kupendwa kunatosha kumfunga Melinda mdomo karibu mwaka mzima. Yanayoanza kuufungua ni maandishi ya wasichana kwenye ukuta wa choo, wakionyana juu ya mvulana yuleyule.

Kinachonigusa zaidi ni Breathing Underwater ya Alex Flinn, ya mwaka 2001. Mwenye kusimulia ni mpigaji. Nick ana miaka 16, anaishi Miami kwenye nyumba nzuri, na hakimu amemwamuru ahudhurie darasa la vijana wenye ukatili na aandike maneno 500 kila wiki juu ya yeye na Caitlin. Anaanza kuandika kwa kiburi, akijitetea. Ukurasa baada ya ukurasa tunamwona anavyomchagulia mpenzi wake nguo, anavyomhesabia chakula, anavyomkataza kuimba jukwaani kwa sababu akiimba watu watamtazama. Tunamwona pia Nick akipigwa na baba yake. Ndiyo, Zakaria yumo. Lakini Flinn hamruhusu Nick ajifiche nyuma ya baba. Mkono uliompiga Caitlin ni wa Nick, na yeye mwenyewe lazima auandike.

Kisha, kwa kuwa dunia haina uchoyo wa kejeli, mwaka 2005 ikaja Twilight ya Stephenie Meyer, na mfululizo wake ukauza nakala zaidi ya milioni 100. Edward anaonekana wa miaka 17, ingawa alizaliwa 1901. Anaingia chumbani kwa Bella usiku kumtazama akilala. Katika kitabu cha tatu analiharibu makusudi gari la Bella ili asiende kumwona Jacob. Ni yaleyale ya Nick, ila sasa yanaitwa mapenzi makubwa. Kristen Stewart, aliyemwigiza Melinda katika filamu ya Speak mwaka 2004, ndiye aliyemwigiza Bella miaka minne baadaye. Sinema hizo zilifika hadi kwetu, na zilikuta uwanja umeshasawazishwa: ni nani asiyejua msemo wetu kwamba hakuna mapenzi bila wivu?

Yule asiyeshtakiwa

Nimesema riwaya zetu hazijaandika mamlaka kati ya kijana na kijana. Mwandishi mmoja aliyaandika, na ndiye wa kwanza kabisa. Sisi ndio tuliokataa kuyasoma.

Rudi kwa Charles. Miaka imepita. Rosa ametulia, amerudi nyumbani, ameacha mambo ya chuoni. Charles anamchumbia na ndoa inakaribia. Kisha anajua kwamba Rosa si bikira, anamwacha, na Rosa anajiua. Si Zakaria anayempa pigo hili la mwisho, wala Deogratias. Anayempa ni kijana mwema, msomi, wa rika lake, mwandishi wa barua nzuri, ambaye hajawahi kuinua mkono. Hana haja ya kuuinua. Ana haki ambayo kijiji kizima kimempa bila kumpigia kura: haki ya kuuliza ya nyuma bila kuulizwa ya kwake.

Rosa akishakufa, Kezilahabi anafanya jambo la kishujaa na la ajabu kisanaa. Anawasimamisha baba na binti mbele ya Mungu, warushiane lawama. Zakaria anasema, Rosa anajibu. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara namtafuta Charles kizimbani. Hayumo. Mwongozo wa mtihani haumtaji. Darasani anaitwa mhusika bapa, mchumba aliyevunjika moyo, na mwalimu anaendelea na mbinu za kisanaa. Pengine Kezilahabi mwenyewe alimwona hivyo. Sina hakika kwamba mwandishi alijua ameweka nini mezani.

Charles wa leo hahitaji kusubiri posa. Anataka paswedi ya simu. Anataka lokesheni iwe wazi muda wote, na picha, na akishapewa picha anayo hatamu. Mara nyingine ana fedha kidogo zaidi ya msichana, basi: fedha za kununua bando, chipsi mayai, lifti ya bodaboda wakati shule iko kilomita saba. Ni mamlaka ya shilingi elfu mbili. Sheria ya Elimu ya Tanzania, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inampa anayempa mimba mwanafunzi kifungo cha miaka 30, awe kijana wa bodaboda wa miaka 19 anayedhani anapenda, au mzee wa miaka 45 anayejua fika anachofanya. Sijasema kijana wa bodaboda aachiwe. Nasema yeye na mzee hawafanani, msichana anajua hawafanani, na hakuna kitabu cha Kiswahili darasani kinachomsaidia kueleza tofauti yake.

Kwa nini hakipo? Sehemu ya jibu ni kamati zinazochagua vitabu vya shule, ambazo zina sababu za kuogopa wazazi. Kitabu kisichochaguliwa ni kitabu kisichouzwa, na mchapishaji analijua hilo kabla muswada haujafika mezani kwake. Sehemu nyingine inachekesha kwa uchungu. Tuzo ya Burt, iliyodhaminiwa kutoka Kanada na kuendeshwa nchini na Mradi wa Vitabu vya Watoto kuanzia mwishoni mwa muongo wa 2000, ililenga hasa wasomaji vijana, na ikawapa waandishi wa Tanzania fedha na nakala za kutosha. Ila ilitaka muswada uwe wa Kiingereza. Kijana aliyetaka kusoma juu ya kijana mwenzake kwa lugha anayotongozewa alibaki na hadithi za mfululizo za magazetini, zile zilizompa Eric Shigongo jina, na siku hizi simulizi za kwenye simu zinazokatwa sehemu tamu ili ulipie inayofuata. Humo wivu wa mwanamume ni kipimo cha mapenzi, msichana anakombolewa na tajiri, na Edward angejisikia nyumbani.

Riwaya ninayoisubiri si ngumu kuielezea. Imeandikwa kwa Kiswahili, na nusu yake inasimuliwa na mvulana. Ni mzuri wa sura, anacheza winga timu ya shule, na anamwomba msichana paswedi yake kwa upole sana. Msichana anampa. Baadaye anajuta, anaibadilisha, kunatokea ugomvi mbaya nyuma ya maabara, na msichana anamwacha. Mvulana anabaki na kurasa sitini za kujieleza na hakuna baba wa kumsingizia. Msichana anafanya mtihani wa taifa, anapata C ya Hesabu, mama yake analalamika kwamba angeweza kupata B, na sura inayofuata anahangaika na fomu za kujiunga na kidato cha tano.